Kent, mabingwa mara nane waliobaki nje ya mlango

SWALI: Mimi ni mama Mtanzania, naishi Gillingham, Kent. Binti yangu wa miaka 11 ameipenda kriketi shuleni na sasa ameitwa kwenye majaribio ya kikosi cha wasichana cha kaunti. Mimi nimekulia Tanga na mchezo huu siujui kabisa. Pale uwanjani mzazi mmoja aliniambia Kent ndiyo timu ya wanawake iliyobeba ubingwa wa kaunti mara nyingi kuliko zote. Mwingine akacheka, akasema Kent ni daraja la pili, mtoto mwenye kipaji apelekwe Surrey. Nani kasema kweli? Na ilikuwaje mpaka ikawa hivyo?

JIBU: Dada yangu, wote wawili wamesema kweli. Tangu ubingwa wa kaunti wa wanawake uanze mwaka 1997 hadi ulipofutwa, Kent iliutwaa mara nane: 2006, 2007, 2009, 2011, 2012, 2014, 2016 na 2019. Hakuna kaunti nyingine iliyofika idadi hiyo. Na ni kweli pia kwamba mwaka 2025, ligi mpya ya wanawake wanaolipwa mishahara ilipoanza na timu nane za daraja la kwanza, Kent haikuwemo. Ila huyo aliyecheka hakumalizia habari. Sussex, yenye ubingwa mara sita, nayo iliachwa nje. Yorkshire, iliyotamba miaka ya mwanzo ya mashindano hayo, iliambiwa isubiri. Durham, ambayo haijawahi kuwa bingwa, iliingia. Kwa hiyo anayetaka kupima ukubwa wa timu kwa daraja ilipo leo atakuwa anapima uamuzi wa ofisini. Ya uwanjani ni mengine, na nitakueleza yote mawili, maana mtoto wako atayakuta yote mawili.

Nianze na kaunti yenyewe. Kwa ndugu zetu wa Kenya neno hili ni serikali ya ugatuzi na gavana wake. Kwenye kriketi ya Uingereza kaunti ni timu: mipaka ya kale ya majimbo ndiyo iliyozaa klabu kubwa, na mtu huvaa jezi ya kaunti kama huku anavyovaa ya Yanga au Gor Mahia. Kent ni pembe ya kusini mashariki, kati ya London na bahari inayoitenga Uingereza na Ufaransa, na nembo yake ni farasi mweupe. Ni miongoni mwa sehemu chache duniani ambako mchezo huu ulikua tangu utoto wake. Uwanja wa St Lawrence pale Canterbury umekuwa ukitumika tangu 1847. Kwa miaka mingi ulikuwa na mti mkubwa uliosimama ndani kabisa ya mipaka ya uwanja, wachezaji wakiuzunguka na kanuni zikiutambua, mpaka upepo ulipouangusha mwaka 2005. Wakapanda mwingine. Ndivyo walivyo watu wa Kent na mila zao.

Wanawake nao wamo katika historia hiyo tangu zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mechi ya kwanza ya wanawake iliyoandikwa gazetini ilichezwa Julai 1745 huko Surrey, wasichana wa kijiji cha Bramley dhidi ya wale wa Hambledon, waliofunga utepe wa rangi mbalimbali vichwani. Kent ina hadithi yake pia, na nakuomba uipokee kama hadithi. Inasemekana mwanzoni mwa karne ya 19, karibu na Canterbury, Christiana Willes alikuwa akimrushia mpira kaka yake John ili afanye mazoezi. Wakati ule sheria ilitaka mpira urushwe kwa mkono wa chini, lakini sketi pana ya Christiana ilimzuia, basi akawa anarusha mkono ukiwa usawa wa bega. Kaka akaona mpira ule ni mgumu kuupiga, akauiga. Wanahistoria wameitilia shaka hadithi hii, wakisema sketi pana za kiasi hicho zilikuwa zimepitwa na wakati miaka ile. Lakini John Willes mwenyewe si hadithi. Julai 1822, akiichezea Kent pale Lord's, uwanja maarufu wa kriketi wa London, alirusha mpira kwa mtindo huo, mwamuzi akaukataa, naye akatoka uwanjani kwa hasira, akapanda farasi wake akaondoka. Mtindo huo uliruhusiwa mwaka 1835, na kurusha kwa mkono wa juu, kama binti yako anavyofundishwa leo, kukaruhusiwa 1864. Iwe sketi ilihusika au haikuhusika, watu wa Kent wanapenda kuamini kwamba mrushaji wa kisasa alizaliwa kwao na mama yake ni mwanamke.

Baada ya hapo kriketi ya wanawake ilitambaa muda mrefu sana. Mwaka 1890 kulitokea jaribio la kuwalipa: kampuni ya wanawake waliojiita Original English Lady Cricketers ilizunguka nchini na vikosi viwili, Wekundu na Wabluu, watu wakajaa kutazama. Jaribio hilo halikudumu, na simulizi iliyobaki ni kwamba msimamizi alitoweka na mapato. Ilibidi zipite zaidi ya miaka 120 kabla ya mwanamke wa Kiingereza kuweza kusema tena kwamba kriketi ndiyo kazi yake.

Chama cha Kriketi cha Wanawake kiliundwa 1926, na wacheza magongo ya hoki waliotaka mchezo wa kiangazi ndio walioanzisha. Kilikuwa chama cha kujitolea: kilipeleka timu ya England Australia na New Zealand msimu wa 1934 na 1935 kwa mechi za kwanza za kimataifa za siku kadhaa, na wachezaji walijilipia safari. Mwaka 1973 wanawake wakacheza Kombe la Dunia lao, miaka miwili kabla ya wanaume kuwa na la kwao. England wakashinda. Wakashinda tena 1993 pale Lord's, wakiwa bado wamevaa sketi, kwenye uwanja ambao klabu yake ilikuwa hairuhusu mwanamke kuwa mwanachama. Klabu hiyo ilibadilisha sheria yake 1998. Mwaka huohuo chama cha wanawake kilijiunga na Bodi ya Kriketi ya England na Wales, ECB, ambayo ndiyo inayoshika fedha na maamuzi mpaka leo. Kumbuka jina hilo, litarudi.

Mashindano ya kaunti yaliyoanza 1997 yalirithi yale ya kanda yaliyokuwepo tangu 1980. Mwanzoni hayakuwa ligi ya msimu mzima. Timu zilikusanyika kwa wiki moja ya kiangazi, zikatawanyika kwenye viwanja vya vyuo vya Cambridge, zikacheza karibu kila siku. Mwalimu, muuguzi, mwanafunzi na karani walichukua likizo zao za kazini wakaenda kuzimalizia juani. Miaka hiyo ya mwanzo Yorkshire ndiyo iliyotesa. Sussex ikafuata ikachukua mara tatu mfululizo, 2003 hadi 2005, ikiwa na Clare Connor, aliyekuwa nahodha wa England. Kent ilikuwa timu nzuri tu kama nyingine.

Kilichoibadilisha Kent kilikuja mwaka 2000, na kilikuja kutoka nje. Charlotte Edwards alizaliwa Huntingdon mwaka 1979, mtoto wa mkulima, akajifunza kriketi kati ya wavulana. Alianza kuichezea England 1996 akiwa na miaka 16, mdogo kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kuitwa hadi wakati huo. Desemba 1997, siku moja kabla ya kutimiza miaka 18, alipiga mikimbio 173 bila kutolewa dhidi ya Ireland kwenye Kombe la Dunia nchini India. (Kwa faida yako: mpigaji hukusanya mikimbio mpaka atolewe, na kufika 100 ni siku ya kukumbukwa. Kwa 173 watu husimama.) Huyo ndiye aliyehamia Kent, akabaki hapo hadi 2016.

Mwaka 2006 alipewa rasmi unahodha wa England, na mwaka huohuo Kent ikatwaa ubingwa wake wa kwanza. Sidhani kama ni sadfa. Nahodha wa taifa alikuwa anarudi mwishoni mwa wiki kucheza na wasichana wa sekondari wa Kent, na hao walijifunza kwake yale ambayo kocha hawezi kuyaweka kwenye karatasi: namna ya kuupanga uwanja mpigaji anapozoea, wakati wa kumbadilisha mrushaji, lini utulie. Mwaka 2009 aliiongoza England kushinda Kombe la Dunia huko Sydney mwezi Machi, na Juni akashinda la ova 20 pale Lord's (ova moja ni mipira sita, hivyo mechi ya ova 20 ni fupi kuliko ya ova 50). Alipostaafu mechi za kimataifa alikuwa amecheza 309, kati ya hizo 220 akiwa nahodha, na mikimbio 10,273. Kwa msichana wa Kent wa miaka ile, mtu huyo hakuwa picha ukutani. Alikuwa anaketi naye kwenye gari kwenda kucheza Taunton, mbali kule magharibi.

Lakini mtu mmoja hashindi ubingwa mara nane. Kent ilikuwa na mazao yake yenyewe. Lydia Greenway, mpigaji wa mkono wa kushoto, alikuwa mdakaji ambaye wapinzani waliogopa kukimbia mpira ukielekea upande wake. Wapo wanaoamini England haijapata mdakaji bora wa uwanjani, nami sitabishana nao. Laura Marsh alizaliwa Pembury, ndani ya Kent, akaanzia Sussex, na akiwa huko akaongoza kwa wiketi, yaani kwa kuwatoa wapigaji, kwenye Kombe la Dunia la 2009, wiketi 16, kisha akarudi nyumbani. Natasha Farrant, aliyezaliwa Athens, alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto, akavaa jezi ya England akiwa na miaka 17. Na Tammy Beaumont wa Dover, mfupi wa kimo, nitamrudia.

Kilichowanoa hawa wote kilikuwa jirani. Kent na Sussex zimepakana, na kuanzia 2003 hadi 2014 ubingwa haukutoka kwenye nyumba hizo mbili hata mwaka mmoja. Sussex walikuwa na Sarah Taylor, mdaka wiketi (anayesimama nyuma ya mpigaji) mwenye mikono ya mchawi, na Holly Colvin, mrushaji aliyeingia timu ya taifa akiwa na miaka 15. Ukiipitia orodha ya mabingwa unaona kombe likivuka mpaka, linarudi, linavuka tena: 2007 Kent, 2008 Sussex, 2009 Kent, 2010 Sussex, 2011 Kent. Mechi zao zilichezwa mbele ya wazazi, mbwa wachache na kibanda cha chai, na ubora wake ulikuwa wa kimataifa. Mimi naiona hii kuwa sehemu tamu kuliko zote katika historia ya kaunti za wanawake, na inasikitisha kwamba hakuna kamera ya televisheni iliyokuwa pale.

Na hakuna aliyelipwa. Hapa ndipo watu wa siku hizi hawaelewi vizuri. Wachezaji wa kaunti walilipia mafuta yao, chakula chao na mara nyingi vifaa vyao. Wa timu ya taifa waliishi kwa posho, na kuanzia 2008 baadhi yao walipata ajira za ukocha mashuleni zilizowaachia muda wa mazoezi. Mikataba ya kwanza ya kulipwa kikamilifu kwa wanawake wa England ilitolewa 2014, kwa wachezaji 18. Watano kati yao walikuwa wa Kent: Edwards, Greenway, Marsh, Beaumont na Farrant. Kaunti moja ilikuwa imetoa zaidi ya robo ya wanawake wa kwanza kulipwa.

Basi dada, ukiniuliza Kent ilifika kileleni lini hasa, nitakwambia 2016. Na ukiniuliza ilianza kuporomoka lini, nitakwambia 2016 vilevile.

Mwaka ule Kent ilichukua makombe yote mawili, la ova 50 na la ova 20. Mei, Edwards aliacha timu ya taifa baada ya kocha mpya wa England, Mark Robinson, kuamua kwamba wakati wa damu mpya umefika. Robinson alikuwa ametoka kufundisha timu ya wanaume ya Sussex, na mashabiki wa Kent hawakuacha kulitaja hilo. Aliyechukua nafasi ya Edwards ya kufungua upigaji alikuwa Beaumont, Mkent mwenzake, na mwezi uliofuata akapiga mikimbio 168 bila kutolewa dhidi ya Pakistan pale Taunton. Mwaka mmoja baadaye England ikatwaa Kombe la Dunia kwa tofauti ya mikimbio tisa dhidi ya India, Lord's ikiwa imejaa, na Beaumont akatajwa mchezaji bora wa mashindano kwa mikimbio yake 410. Mwaka 2023 akawa mwanamke wa kwanza wa England kufikisha mikimbio 200 katika mechi ya Test, ile ya siku kadhaa kati ya mataifa, akamalizia na 208 dhidi ya Australia.

Lakini kiangazi hichohicho cha 2016 ECB ilianzisha ligi mpya ya ova 20 yenye timu sita, Kia Super League. Hii ndiyo iliyopewa pesa, matangazo na wachezaji wa kigeni. Timu hizo zilikuwa Lancashire Thunder, Yorkshire Diamonds, Loughborough Lightning, Western Storm, Southern Vipers na Surrey Stars. Itafute Kent hapo huioni. Mabingwa wa makombe mawili wakatawanyika: Edwards na Greenway wakaenda Vipers ya Hampshire, Beaumont na Marsh wakaenda Surrey. Msimu wa kwanza Vipers wakawa mabingwa, nahodha wao Edwards.

Kuanzia hapo ikawa mtindo. Mwaka 2019 Kent ilitwaa ubingwa wa nane, nao ukawa wa mwisho kabisa, kwa sababu mashindano yale ya ova 50 yalifutwa. Kiangazi hicho uwanja wa St Lawrence uliandaa mechi ya England na Australia, na Ellyse Perry akawafyeka wenyeji kwa wiketi saba akiwapa mikimbio 22 tu. England wote wakatolewa kwa 75. Australia walikuwa wanalipwa na kufanya mazoezi kama watu wa kazi kwa muda mrefu zaidi, na tofauti ilionekana kwa macho. Mechi za kiangazi kile ndizo zilizoipa ECB sababu ya kuharakisha mpango wake: kaunti zaidi ya 30 zisitumie nguvu kidogo kidogo, badala yake ziundwe timu nane za kanda zenye makocha na wachezaji wa kulipwa. Kent ikaunganishwa na Surrey, jina likawa South East Stars. Stars walikuwa timu nzuri; mwaka 2021 walishinda kombe la ova 20 la kanda, kombe lililopewa jina la Charlotte Edwards. Mwaka huohuo mashindano ya The Hundred yakaanza, timu nane mpya, na mechi ya kwanza ya historia yake ikachezwa na wanawake pale The Oval, London. Hapo pia farasi mweupe hakuonekana. Timu ya kaunti ya Kent iliendelea kuwepo, ikicheza kombe la ova 20 na mashindano madogo ya majirani wa London pamoja na Surrey, Middlesex na Essex, bila mishahara.

Mwaka 2024 ukaja uamuzi unaoulizia. ECB ilivunja mpango wa kanda, ikasema timu za wanawake zirudi kumilikiwa na klabu kubwa za kaunti, ila kwa zabuni. Klabu 18 za kaunti pamoja na MCC, klabu ya Lord's, zilialikwa, 16 ziliomba. Aprili majibu yakatoka: Durham, Essex, Hampshire, Lancashire, Nottinghamshire, Somerset, Surrey na Warwickshire. Yorkshire na Glamorgan zikaahidiwa nafasi baadaye, Yorkshire kuanzia 2026 na Glamorgan 2027. Kila timu ya daraja la kwanza ikapangiwa takriban pauni milioni 1.3 kwa mwaka kutoka ECB kwa ajili ya wachezaji, makocha na matibabu. Na hadi 2028 hakuna kupanda wala kushuka daraja. Kent inaweza kushinda kila mechi ya daraja la pili na mwaka unaofuata itaamka palepale.

Kwa nini hawakuchaguliwa? Zabuni haikuuliza mna makombe mangapi. Iliuliza mtawalipa vipi, mna uwanja gani, mna watu wangapi wanaoweza kuja, na ramani ya nchi itakaaje. Kwa swali la ramani peke yake Kent ilikuwa na bahati mbaya. Imekaa ubavuni mwa Surrey, na Surrey ina The Oval, uwanja mkubwa katikati ya jiji la London, na ni miongoni mwa klabu tajiri kuliko zote nchini. Hampshire ikaishika pwani ya kusini, Sussex ikakosa pa kusimama. Durham, kwa upande wake, ilikuwa jibu la pekee kwa kaskazini mashariki yote, eneo ambalo msichana angeweza kusafiri saa nyingi bila kukuta timu ya kulipwa.

Mimi sisemi ECB ilikosea kutazama ramani. Msichana wa Newcastle ana haki sawa na wa Gillingham. Ninachowalaumu ni kufunga mlango kwa miaka minne. Kent na Sussex zilifika pale kwa sababu kila mwaka kila moja ilikuwa na hofu ya kupitwa na mwenzake. Ukiondoa uwezekano wa kupanda, unaondoa kile kilichozaa Greenway na Taylor. Wangeweza hata kuweka mechi moja ya mchujo. Hawakuweka.

Matokeo yake ni kwamba wachezaji bora waliolelewa Kent leo wanavaa jezi za watu. Beaumont yuko Nottinghamshire, timu inayojiita The Blaze. Alice Davidson-Richards wa Tunbridge Wells, aliyepiga mia katika mechi yake ya kwanza ya Test mwaka 2022, yuko Surrey. Grace Scrivens, nahodha wa England kwenye Kombe la kwanza la Dunia la wasichana chini ya miaka 19 mwaka 2023, alichaguliwa nahodha wa Essex. Ryana MacDonald-Gay wa Maidstone, kilomita chache kutoka kwako, alipita South East Stars na Surrey akafika timu ya taifa ya Test mwishoni mwa 2024. Na Edwards mwenyewe, tangu Aprili 2025, ndiye kocha mkuu wa England.

Ukiitazama orodha hiyo kama mzazi, utaona kitu ambacho yule bwana aliyecheka hakukiona: ukimwacha Edwards, wote hao waliibukia Kent. Hakuna aliyepoteza nafasi kwa kuanzia huko. Vikosi vya wasichana vya kaunti vinaendelea kama kawaida, ukubwani kuna timu ya Kent ya daraja la pili inayocheza ligi yake, na tangu 2025 lipo kombe la mtoano la ova 20 linalokutanisha timu za madaraja yote, hivyo Kent inaweza kupangwa na yeyote. Mchezaji anayeng'ara huonekana, na daraja la kwanza lina njaa ya wachezaji kuliko wakati wowote, kwa sababu sasa kuna mishahara ya kujaza vikosi vizima.

Kwa hiyo usimpeleke Surrey. Ana miaka 11. Safari za kuvuka London jioni za shule zitamchosha yeye na wewe kabla mchezo haujamkolea, na Surrey ina watoto wake wa kutosha. Mpeleke kwenye majaribio ya Kent, na hata akikosa, mtafutie klabu ya kijiji au mtaa yenye timu ya wasichana, maana kikosi cha kaunti hukutana mara chache na mchezo halisi huchezwa klabuni. Muulize kocha maswali mawili tu. La kwanza: wasichana wanacheza mechi ngapi, si mazoezi mangapi. La pili: anayefika miaka 15 na 16 anaelekezwa wapi na nani, kwa kuwa huo ndio umri ambao timu za daraja la kwanza huanza kuchukua wasichana kwenye vituo vyao, na Kent haina cha kwake cha ngazi hiyo. Kocha anayejua kazi yake atakujibu bila kuzungukazunguka. Vifaa usinunue vyote sasa: gongo linalomfaa kimo, glovu, walinzi wa miguu na kofia ya chuma yenye uso wa waya vinatosha, na klabu nyingi zina vya kuazima. Kofia pekee ndiyo usikubali iliyopasuka au iliyomzidi ukubwa.

Na siku ukipata nafasi mwende Canterbury, timu ya wanawake ya Kent ikicheza. Kaa upande ulio na mti, mwache aulize anachotaka.